Tarehe Iliyosogezwa: Kinjikitile wa Ngarambe na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, kila anayefundisha tamthilia ya kihistoria hukutana na swali moja mapema au baadaye. Mwanafunzi huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, mambo haya yalitokea kweli?" Wengi wetu tumezoea kujibu kwamba hii ni fasihi wala si historia, kisha tukaendelea na maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii mwanafunzi. Linamwambia kuwa kuna tofauti bila kumwonyesha tofauti hiyo iko wapi, wala ina faida gani.

Makala hii inadhamiria kulishughulikia swali hilo kwa kutumia tamthilia ambayo walimu wengi wa Afrika Mashariki wamepata kuifundisha au kuisoma, yaani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka wa 1969. Nitalinganisha maisha ya kiongozi wa Ngarambe, jinsi yanavyofahamika katika historia, na maisha aliyopewa jukwaani. Hoja yangu kuu ni moja: mabadiliko makubwa zaidi aliyoyafanya Hussein yako katika tarehe. Aliisogeza tarehe ya kifo. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo dogo, ataielewa tamthilia nzima.

Kuna sababu nyingine inayonisukuma. Nimefundisha darasani hapa Kisaju, na nimeona kuwa wanafunzi wanapofika kwenye habari za maji yanayogeuza risasi, hucheka. Huwacheka watu wa Matumbi na Rufiji kwa kuwaona wajinga waliodanganywa. Kicheko hicho ni tatizo la uhakiki na pia la utu, kwa maana waliokufa katika vita hivyo walikuwa watu wenye akili timamu. Ulinganisho mzuri wa maisha na tamthilia unaweza kukinyamazisha bila mwalimu kugomba.

Kwa ajili ya wepesi wa kufuatana, nitamwita mtu wa historia Kinjikitile, kama wanavyomwandika wanahistoria wengi, na mhusika wa tamthilia nitamwita Kinjeketile, kama alivyomwandika Hussein. Herufi hizo mbili zinatosha kutukumbusha kuwa tunazungumzia watu wawili.

Kinjikitile wa historia

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, upande wa magharibi wa milima ya Matumbi, katika eneo ambalo leo ni kusini mashariki mwa Tanzania. Wakati huo nchi ilikuwa koloni la Wajerumani. Kuanzia mwaka wa 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika baadhi ya wilaya za pwani na kusini. Wanaume walilazimishwa kuyalima huku mashamba yao ya chakula yakibaki magugu. Kodi, viboko na kazi za shuruti vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Katika mwaka wa 1904 Kinjikitile alipagawa na pepo aliyeitwa Hongo. Wazee waliohojiwa miaka sitini baadaye walisimulia kuwa alijiburura kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi cha mto, akazama, na jamaa zake wakashindwa kumvuta. Siku iliyofuata aliibuka akiwa mkavu, akaanza kutabiri. Habari zikaenea, na makundi ya watu yakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua dawa.

Yafaa tutaje mambo matatu kuhusu mtu huyu, kwani yatatufaa baadaye. Kwanza, hakuzuka tu kama uyoga. Pepo Hongo alihusishwa na Bokero, mungu aliyekuwa na mahali pake pa ibada kwenye mto Rufiji, na watu wa maeneo hayo walikuwa na desturi ya zamani ya kwenda kuomba mvua na kutafuta dawa za mazao. Waliokwenda Ngarambe walikuwa wakifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na baba zao. Pili, aliwataka watu wasubiri. Waliokuja waliambiwa warudi makwao, waendelee na kazi za Wajerumani kwa muda, wafanye mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, na wangoje neno lake. Ujumbe wenyewe ulienezwa kwa kunong'onezana, mtindo ulioitwa njwiywila. Tatu, watu hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mashina ya pamba, na vita vikaanza.

Kufikia hapo Kinjikitile alikuwa amekwisha kukamatwa. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Inasimuliwa kuwa kabla ya kufa alisema kumuua hakungesaidia kitu, kwa kuwa dawa yake ilikuwa imekwisha kuenea mbali. Na kweli ilikuwa imeenea. Ndugu yake aliiendeleza kazi hiyo kwa cheo cha Nyamguni, na katika wiki chache vita vilifika Liwale, Mahenge na baadaye Ungoni.

Sasa tutazame kalenda. Shambulio kubwa la boma la Mahenge, ambapo maelfu ya wapiganaji walizikabili bunduki za rashasha wakaanguka mmoja juu ya mwingine, lilitokea tarehe 30 Agosti 1905. Ni siku 26 baada ya Kinjikitile kunyongwa. Kwa maneno mengine, Kinjikitile wa historia hakuishi kuyaona mauaji makubwa ambayo maji hayakuyazuia. Alikufa vita vikiwa ndiyo kwanza vinachomoza.

Kinjeketile wa jukwaani

Hussein, ambaye ni mzaliwa wa Kilwa, hakuificha nia yake. Katika dibaji ya tamthilia anabainisha kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, na kwamba hakukusudia kumnakili mtu wa historia. Hata hivyo amechukua mengi kutoka kwenye masimulizi. Njaa imo, kazi za shuruti imo, pepo Hongo yumo, kuzama na kuibuka mkavu kumo, na agizo la kusubiri limo. Mwanafunzi akisoma masimulizi ya wazee na kisha akasoma onyesho la kupagawa, ataona jinsi mwandishi alivyokuwa karibu na kumbukumbu za watu wa kusini.

Pamoja na hayo, mtu aliyeko jukwaani ana moyo mwingine. Anapotulia baada ya kupagawa, Kinjeketile anaambiwa aliyoyasema. Miongoni mwake ni kuwa Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa wa Seyyid Said. Hapo ndipo anaposhtuka. Anajiuliza ni roho gani iliyotumia kinywa chake, iwapo neno lililoahidi uhuru lilikuwa limebeba utumwa mwingine ndani yake. Tangu wakati huo anakuwa mtu aliyegawanyika. Anaamini kwamba umoja ambao maji yameuleta ni wa kweli, na wakati huohuo anashuku kuwa maji yenyewe si ya kweli. Kitunda, rafiki yake na kiongozi wa mafunzo ya kivita, yeye anahesabu silaha na mbinu. Umma unahesabu siku. Kinjeketile amebanwa katikati.

Kisha vita vinakuja, risasi hazigeuki maji, watu wanakufa kwa wingi. Kinjeketile yuko hai. Anatiwa pingu pamoja na Kitunda, anapigwa, na anatakiwa atoe kauli moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaona kuwa akilitamka hilo, watawala hawatalichukua kama habari ya dawa, bali watawaambia watoto na wajukuu kwamba kupigania haki lilikuwa kosa. Kitunda hakubaliani naye kwa wepesi, na tamthilia inaishia katika mvutano huo.

Kwa nini tarehe ilisogezwa?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja. Kama Hussein angefuata kalenda, mhusika wake mkuu angenyongwa kabla ya pigano kubwa. Tungekuwa na shahidi wa imani, mtu aliyekufa akiwa na uhakika kuwa dawa yake imeenea. Ingekuwa hadithi ya kusifika, lakini isingekuwa tanzia ya aina tuliyo nayo, kwa sababu shujaa asingekutana na matokeo ya neno lake mwenyewe.

Kwa kumwongezea mhusika wake wiki chache za uhai, Hussein amelizaa swali ambalo historia haikuweza kumuuliza Kinjikitile: kiongozi afanye nini neno lake linaposhindwa huku sababu ya neno hilo ingali ya haki? Je, aseme ukweli kuhusu maji na kuusaliti ukweli kuhusu uhuru? Au ashike kimya, na kuwaacha waliofiwa bila jibu? Swali hili ndilo linaloibeba tamthilia, na lote linatokana na tarehe iliyosogezwa.

Hivyo basi, mwanafunzi anapouliza kama mambo haya yalitokea kweli, tunaweza kumjibu kwa usahihi zaidi. Kupagawa, kusubiri, pamba, viboko na kunyongwa vimo katika historia. Mtihani wa mwisho wa Kinjeketile haumo wala haungeweza kuwamo, kwa kuwa mtu wa historia alikuwa kaburini. Kisha tumuulize yeye: mwandishi amepata nini kwa kufanya hivyo?

Suala la Seyyid Said linaonyesha ufundi wa namna hiyohiyo. Katika kumbukumbu za wazee jina hilo limo: watu wa Ngarambe waliambiwa kuwa wao ni wa Seyyid Said. Sultani huyo alikuwa amefariki mwaka wa 1856, karibu miaka hamsini nyuma. Yawezekana kwamba kwa wasikilizaji wa 1904 jina lake lilikuwa ishara ya zamani zile za kabla ya Mjerumani, na sijaona katika masimulizi hayo dalili kuwa lilimtia Kinjikitile shaka. Hussein amelichukua jina lilelile akalitwisha mzigo mpya. Aliandika katika Tanzania iliyokuwa na uhuru wa miaka michache, iliyokuwa imepitisha Azimio la Arusha mwaka wa 1967 na ikijiuliza iwapo kumfukuza bwana mmoja kunatosha. Shaka ya Kinjeketile ni shaka ya kizazi cha mwandishi iliyovalishwa nguo za 1905.

Kilichoachwa nje

Mhakiki asiishie kwenye sifa. Kila uteuzi una gharama yake, na uteuzi wa Hussein una gharama mbili ambazo mwalimu anafaa kuzitaja.

Gharama ya kwanza ni imani ya watu. Kwa kumfanya shujaa wake mtu wa shaka, mwandishi amempa akili inayofanana na ya msomi wa karne ya ishirini, mpweke na mwenye kujihoji. Kinjikitile wa Ngarambe alisimama ndani ya mtandao wa ibada ambao watu waliufahamu na kuutegemea. Dawa ya maji ilikuwa na uhusiano na mvua, mbegu na ulinzi wa mazao kabla ya kuwa dawa ya vita. Aliyeipokea alikuwa akila kiapo cha umoja na watu ambao jana hakuwajua. Jukwaani mambo haya yamebaki kama mandhari, na swali la iwapo maji yanageuza risasi likachukua nafasi ya mbele. Kicheko cha wanafunzi nilichokitaja hapo awali huzaliwa hapa. Wanapoambiwa kuwa maji hayo yalikuwa pia dawa ya shamba na kiapo cha undugu, huanza kuelewa kwa nini makabila zaidi ya ishirini yaliingia katika vita hivyo, na kwa nini mtu mwenye akili zake angetembea siku nyingi kwenda kuyachukua.

Gharama ya pili ni njaa. Tamthilia inaanza na njaa, wanawake wakiizungumzia kwa uchungu, lakini inaishia kabla ya njaa kubwa iliyokuja baadaye. Vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma vijiji na kuharibu vyakula makusudi. Takwimu za serikali yao zilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi. Kinjeketile anapokataa kukana neno lake ili kizazi kijacho kisiambiwe kuwa kilikosea, msomaji anayezijua takwimu hizi atasikia pia sauti ya mama ambaye hakubakiwa na kizazi chochote. Hussein amemweka Kitunda pale mwishoni ili apinge, na hilo ni jambo la busara. Lakini Kitunda ni askari. Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, waliofungua tamthilia kwa habari ya chakula, ndio walioistahiki nafasi ya kuongea mwishoni, na hawakupewa.

Je, historia yenyewe si simulizi?

Msomaji makini anaweza kuniuliza: huyo Kinjikitile wa historia tumempata wapi? Swali hilo ni la haki. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Ngarambe yalikusanywa kutoka kwa wazee mwishoni mwa miaka ya 1960, na Gwassa pamoja na John Iliffe walichapisha kumbukumbu hizo wakati huo. Utafiti wa Maji Maji ulifanyika katika Chuo Kikuu kilekile cha Dar es Salaam ambako Hussein alikuwa akisoma na kuandika. Mwanahistoria na mtunzi walinywa katika kisima kimoja, katika miaka ileile, taifa changa likitafuta asili yake.

Tena kabla yao Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Mnamo Desemba 1956, akizungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, alivitaja vita vya Maji Maji na kueleza kuwa watu walipigana kwa kuwa hawakukubali kwamba mgeni alikuwa na haki ya kuwatawala. Neno ambalo Kinjeketile anakataa kulikana jukwaani lilikuwa limekwisha kutamkwa New York miaka kumi na mitatu kabla ya kitabu kuchapishwa.

Baadaye wanahistoria wengine, akiwemo Thaddeus Sunseri, walihoji masimulizi ya kitaifa yanayouona uasi wote kama mpango mmoja wa umoja ulioanzia Ngarambe. Walisisitiza sababu za mahali na mahali: kilimo, wanyama waharibifu, mivutano ya wenyeji kwa wenyeji. Kwa hiyo tunapolinganisha maisha na tamthilia, hatulinganishi mwamba na maji. Tunalinganisha masimulizi mawili yenye kanuni tofauti. Mwanahistoria anafungwa na ushahidi, naye analazimika kubadili kauli ushahidi mpya ukipatikana. Mtunzi anafungwa na mantiki ya kazi yake, na kauli yake haibatilishwi na hati iliyofukuliwa.

Mifano miwili ya kulinganishia

Kusogeza wakati si jambo geni katika tamthilia. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu Julius Caesar ya Shakespeare kupitia tafsiri ya Nyerere, Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1963. Katika historia ya Roma mapigano ya Philippi ya mwaka wa 42 kabla ya Kristo yalikuwa mawili, yakitenganishwa na wiki tatu hivi. Kasio alijiua katika la kwanza na Bruto baada ya la pili. Shakespeare ameyabana katika siku moja, na kwa kufanya hivyo amewafanya marafiki hao wawili waanguke chini ya jua moja. Hussein alinyoosha wakati; Shakespeare aliukunja. Wote wawili walitafuta kumkutanisha mhusika na matokeo ya matendo yake.

Mfano wa pili uko nyumbani Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliandika tamthilia kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, ikachezwa katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi mnamo Oktoba 1976. Tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilitoka 1978. Kimathi wa jukwaani anakataa kuitambua mahakama ya mkoloni na sheria yake, na anavishinda vishawishi vya wanaokuja kumlainisha kizuizini.

Kimathi wa historia alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na bastola na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari. Alikana mashtaka. Katika ushahidi wake alieleza kuwa alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Alihukumiwa kifo tarehe 27 Novemba 1956, rufaa zake zikatupwa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi hiyo, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa zimepotea, zilichapishwa mwaka wa 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur.

Wapo waliotikiswa na kumbukumbu hizo. Kwa maoni yangu hazimpunguzi Kimathi hata kidogo. Mtu aliyejeruhiwa, anayekabiliwa na kitanzi, akaitumia nafasi ndogo ambayo sheria ya adui ilimwachia, ni mtu ambaye mwanafunzi anaweza kumwelewa. Lakini ulinganisho unatufunza jambo kuhusu tamthilia hizi mbili. Ngũgĩ na Mũgo waliondoa utetezi wa mshtakiwa ili jukwaa litoe jibu. Hussein alisogeza tarehe ya kifo ili jukwaa liulize swali. Kazi zote mbili zina nafasi yake, na ya kwanza iliwapa Wakenya ujasiri wa kulitaja jina la shujaa wao hadharani wakati ambapo kulitaja kulikuwa na uzito. Hata hivyo, hati mpya zinapofichuka, tamthilia iliyouliza swali haitikisiki sana kama ile iliyotoa jibu.

Darasani

Baada ya nadharia, tuje kwenye vitendo. Napendekeza hatua tatu ambazo hazihitaji vifaa zaidi ya ubao na chaki.

Kwanza, chora mistari miwili ya wakati, mmoja wa historia na mwingine wa tamthilia. Katika wa historia weka 1904, mwisho wa Julai 1905, tarehe 4 Agosti na tarehe 30 Agosti. Katika wa tamthilia weka matukio kwa mpangilio wake. Waache wanafunzi wenyewe wagundue ni tukio lipi limehama.

Pili, waulize matokeo ya uhamisho huo: tungepoteza onyesho gani kama mhusika angekufa mapema? Hapa utaona wanaacha kukariri orodha za maudhui na kuanza kuhakiki.

Tatu, wape mtu wa kwao. Hapa Kajiado tunaye Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, oloiboni mwana wa Mbatian. Alihusika katika mkataba wa 1904 uliowahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa. Alifariki mwaka wa 1911, majuma machache kabla ya mkataba wa pili uliowaondoa Laikipia. Watawala walidai kuwa maneno yake ya mwisho yaliwahimiza watu wake watii serikali na wahame. Ukweli wa maneno hayo umetiliwa shaka, maana yaliwafaa mno walioyatangaza. Mwambie mwanafunzi aandike onyesho moja. Je, Olonana wake ayatamke maneno hayo? Asikie mwingine akiyasema kwa niaba yake? Au aishi majuma machache zaidi, aone mifugo na watoto wakiondoka kaskazini?

Zoezi hili lina faida ambayo maswali ya kawaida ya mtihani hayana. Katika darasa lenye mtoto wa mfugaji wa hapa na mtoto wa aliyehamia Kitengela juzi, kila mmoja ana nyanya au babu mwenye toleo lake la habari. Wakishajaribu kumsemea mtu aliyekufa, na wakaona ugumu wa kuchagua neno moja la kumtia kinywani, hawawacheki tena waliokwenda Ngarambe.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa tofauti kati ya maisha ya mtu wa historia na sura yake jukwaani haifai kufunikwa kwa kauli kwamba fasihi si historia. Tofauti hiyo ndiyo mlango wa kuingilia kazi yenyewe. Katika Kinjeketile mlango huo ni tarehe. Kinjikitile alinyongwa Mohoro kabla hajajua kama dawa yake ingesimama mbele ya rashasha. Ebrahim Hussein alimwazima siku alizonyimwa, akamleta mbele ya maiti, akamuuliza swali.

Mwalimu mwenzangu, iwe tamthilia hii imo katika orodha ya vitabu teule mwaka huu au haimo, ina thamani ya kuwekwa mikononi mwa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne pamoja na kurasa chache za historia. Asome vyote viwili siku moja. Kisha aandike, kwa aya mbili tu, nini kilihamishwa na kwa faida ya nani. Akiweza kufanya hivyo kwa Kinjeketile, ataweza kufanya hivyo kwa Kimathi, kwa Mkwawa, kwa Olonana, na kwa kila hotuba ya Sikukuu ya Mashujaa atakayoisikia akiwa mtu mzima.